Maji Yaliyomchagua Mama Mkwe

Tone la maji likiachwa lenyewe lina adabu. Linaning'inia kwenye mdomo wa mrija, linajaza tumbo taratibu, na uzito ukilizidi linaanguka wima bila kumsumbua mtu. Nimetazama matone mengi maishani mwangu, mengi kuliko inavyompasa mtu mwenye shamba la kulima, na sijaona hata moja lililomrukia mtu kwa hiari yake. Lakini ukilitia umeme tone hilohilo, tabia yake inabadilika. Linaanza kuchagua watu. Na siku moja kule Kabambare, wakati Wabelgiji wangali wanatutawala, lilimchagua mtu ambaye lisingepaswa kabisa kumchagua.

Mashini yenyewe ilikuwa ya shule ya misioni, Kasongo. Ilikuwa na sahani mbili za kioo, pana kama ungo, zimesimama zikitazamana, na mpini wa kuzungushia. Ukizungusha, sahani moja huenda kulia na nyingine kushoto, na umeme hujikusanya kwenye vitufe viwili vya shaba. Ukivisogeza vitufe, cheche ya buluu inaruka kati yao kwa mlio kama wa kidole kinapovunjwa. Wakati wa kiangazi tu, lakini. Mvua zikianza, hewa ya kwetu inakuwa na unyevu, na unyevu unaiba umeme kabla haujakusanyika. Hapo padri aliyefundisha fizike aliifunika kwa blanketi na kuifungia kabatini, akisema imeanza likizo.

Nilisoma kwa padri huyo, na nilipomaliza sekondari akanibakiza pale niwe mwalimu wa darasa la chini, na ufunguo wa kabati akanipa mimi. Kitu nilichokipenda kuliko cheche kilikuwa jaribio la maji. Tulitundika kopo la maziwa kwa uzi wa hariri, chini yake tukachomeka mrija mwembamba wa kioo, na waya mmoja ukatoka kwenye kitufe cha shaba hadi majini. Kabla ya kuzungusha, matone yalianguka moja moja. Ukianza kuzungusha, yalikimbia. Ukizungusha zaidi, tone halikuanguka tena. Lilibana tumbo lake, likachongoka kama ncha ya pia, na kwenye ncha hiyo ukatoka uzi wa maji mwembamba kuliko uzi wa buibui. Uzi nao ulipasuka ukawa ukungu. Ukifunga madirisha, ncha ilionyesha mwanga hafifu wa zambarau, ikasikika kama mawese yanapoanza kupata moto, na mkono wako ukahisi upepo mahali ambapo hapana upepo.

Padri alitueleza hivi. Chaji za aina moja hazipendani, kila moja inataka kuwa mbali na mwenzake. Ukizijaza ndani ya tone ni kama umewapangia wake wenza wengi chumba kimoja, wote wanasukumana kuelekea mlangoni. Ngozi ya maji inajitahidi kuwazuia. Pale ngozi inapovutwa sana, yaani kwenye ncha, inashindwa na kuchanika. Wanatoka kwanza wakiwa wamepanda matone madogo. Na nguvu ikizidi kabisa, alisema, kwenye ncha kali wanatoka hata wale wasio na tone la kupanda, vipande vidogo mno visivyoweza tena kuitwa maji, na hivyo huitwa ioni. Kwa miaka niliandika neno hilo ubaoni bila kulielewa vizuri. Wanafunzi wangu hawakuuliza, nami nilishukuru.

Tulijaribu kila kilichomiminika. Mawese yalitoa nyuzi nzito, za polepole, zikajikunja hewani kama kwamba hazina haraka ya kufika. Maji ya sabuni yalitawanyika mapema. Pombe ya mchikichi sikuweza kuichunguza sawasawa, maana kila nilipogeuka kuandika ilikuwa imepungua. Halafu nikatia wino. Padri alikuwa mbele ya kopo na kanzu yake nyeupe, ananyoosha rula ya chuma kuwaonyesha watoto ncha ya tone, na wino wote ukaacha darasa zima ukamfuata yeye. Alibaki ametapakaa madoa kama kanga. Alicheka hadi akakaa, kisha akanifundisha kitu ambacho ningepaswa kukikumbuka baadaye: ukungu wa umeme unamtafuta mtu aliyeungana na ardhi. Ukiwa na chuma chenye ncha mkononi, unauita. Ukiwa na miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, umeufungulia mlango.

Yeye alikuwa amevua viatu kwa sababu ya joto.

Wakati huo nilikuwa nimemposa binti wa Kabambare. Nilimwona kule Kasongo, alipokuja kusomea ushonaji kwa masista, na mambo yalikwenda vizuri hadi yalipofika kwa baba yake. Baba huyo alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa pamba, mtu wa kusimama kando ya mizani mbele ya watu, na mizani ilikuwa imemzoesha kutoamini kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Baba yangu mdogo, niliyemtuma awe mshenga, alirudi na jibu. Mzee hakatai. Lakini anauliza, huyu kijana ameketi shuleni miaka yote hiyo, ametoka na nini? Dereva wa lori naye ametuma watu. Dereva unaona kazi yake, anaondoka hapa na mizigo, anarudi na chumvi. Mwalimu anatoka na nini?

Mtu mwenye akili angejibu kwa upole. Mimi nilikwenda kumwomba padri mashini. Kiangazi kilikuwa kimeiva, shule zimefungwa, na alikubali, mradi irudi nzima.

Tulipanda lori la mizigo, mimi na baba mdogo, na mbuzi, majembe, vitenge, chumvi, vyote vya kupeleka kwa wakwe. Mashini niliiviringisha blanketi nikaipakata, kwa sababu ile barabara ingevunja hata jiwe. Tulipopumzika njiani, pale Wamaza, mwanamke aliyekuwa anauza ndizi alinitazama nilivyoikumbatia, akauliza mtoto ana homa ya siku ngapi. Baba mdogo akamjibu kwamba huyu si mgonjwa, ni mkali tu, anauma. Mwanamke alirudi nyuma. Baba mdogo alikula ndizi zake akiwa na furaha hadi Kabambare.

Sasa niseme habari ya mama mkwe, kwa sababu bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu, kijana anayeposa hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake, hampiti njiani, na wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Yeye akikaribia, wewe unainamisha macho. Baba mdogo alinihubiria jambo hilo njia nzima, kwamba ukiona upindo wa nguo yake tu, tazama chini, na usiyainue macho hata ng'ombe akipanda mti.

Na kitu kingine. Mkubwa wa nyumba akitaka kumbariki mtoto, kabla ya safari, au mtoto akiwa mgonjwa, anachukua maji kinywani na kumpulizia usoni. Bibi yangu alinipulizia hivyo nilipokwenda misioni mara ya kwanza, nikafika shuleni na kola iliyolowa. Maji hayo yanatoka kwa mkubwa yanakwenda kwa mdogo. Kuyarudisha nyuma, yaani mdogo kumpulizia mkubwa, si baraka. Ni kumtemea mate.

Walitupokea barazani. Mzee kapita alikaa kwenye kiti chake, amevaa viatu vyeusi vya kazi. Kaka zake waliketi kwenye benchi, nao wana viatu, ingawa mmoja alikuwa amekunja vidole ndani kwa namna iliyoonyesha kwamba viatu vilikuja kwa kuazimwa. Bibi wa msichana, aliyemzaa mzee kapita, alilala upande kwenye mkeka akivuta kiko. Huyo hakuwa na haya nami hata kidogo, maana bibi na mjukuu wanataniana, na mposaji wa mjukuu ni mume wake yeye kwanza. "Bwana yangu amekuja," alisema. "Amekonda. Kule misioni wanakula vitabu?" Msichana mwenyewe alisimama mlangoni akijifanya anapanga sahani. Wanawake wengine walikuwa uani, nyuma ya kona, wanaosha samaki na kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Baada ya salamu, baba mdogo alieleza tulichobeba. Mzee akasema vizuri, vitu ameviona, sasa na aone kazi ya kichwa. Leo hii atasema ndiyo, au vitu vitarudi kwenye lori na msichana atajibu watu wa dereva. Alisema bila ukali, kama anayesoma kilo.

Nilifanya cheche kwanza. Benchi lote lilirudi nyuma kwa pamoja, kisha likacheka. Bibi aliomba cheche iwashe kiko chake, ikashindikana, akanihurumia. Ndipo nikatundika kopo pembezoni mwa baraza, mahali palipopata mwanga, nikaanza kuzungusha. Tone likachongoka. Uzi ukatoka. Mzee kapita aliinama kutazama na sikusikia tena pumzi yake. Nilipoona hivyo nikazidisha, nikawa naeleza huku nazungusha, chaji, ngozi ya maji, ncha, na maneno ya Kifaransa nikiyachomeka hata pale ambapo Kiswahili kilitosha.

Mama mkwe alisikia kicheko. Akatoka kwenye samaki wake, akazunguka kona ya nyumba kupitia uani, akasimama chini ya ukingo wa baraza, kwenye udongo uliolowa maji ya samaki, karibu na kopo, aone watu wanacheka nini. Mimi niliona upindo wa kitenge chake.

Nikainamisha macho, kama nilivyofundishwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha macho, sikuona kwamba ameshika kisu cha kuparia magamba, kinachotiririka maji, wala kwamba amesogeza uso karibu na mrija. Nikaendelea kuzungusha kwa adabu zote.

Ukungu ulipinda. Nilisikia mlio wake ukibadilika, na nikasikia mtu anavuta pumzi ghafla. Nilipoinua macho, kinyume cha mafundisho, mama mkwe alikuwa amesimama amefumba macho, uso umelowa kama wa mtoto aliyebarikiwa. Hakuna aliyecheka. Msichana alishika sahani kifuani. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba wakati ule alikuwa anajaribu kukumbuka sura ya dereva.

Mama alijifuta kwa kiganja, polepole, akasubiri. Kumbe alikuwa anasubiri neno moja tu. Sikulitoa. Nilikuwa na maneno mengi mengine.

Mzee kapita aliuliza kwa sauti ya mizani. "Mwalimu. Maji yako yametupita sisi wote hapa, wanaume wazima kwenye benchi. Juu ya nini yamemutafuta muke yangu?"

Lilikuwa swali zuri la fizike, na mimi nilikuwa kijana wa kufurahia maswali mazuri. Nikaeleza kwamba si mimi, ni umeme. Baba mdogo alikohoa. Nikaeleza kwamba umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini, unapenda ncha ya chuma. Baba mdogo alikohoa tena, kwa nguvu. "Na ninyi mko salama," nikamalizia, "kwa sababu wote mna viatu. Mama hana viatu. Anakanyaga udongo wenye maji. Ndiyo maana umemchagua yeye."

Kila neno lilikuwa sahihi. Nimekuwa sahihi mara nyingi maishani, na sehemu kubwa ya mara hizo ningeziuza kwa bei ya hasara. Watu wote walitazama miguu ya mama ilivyokuwa, ya kijivu kwa udongo, na gamba la samaki juu ya kidole. Kisha wakatazama miguu yao. Yule wa viatu vya kuazima aliivuta chini ya benchi. Sikujua, lakini nyumba yote ilijua, kwamba kila msimu wa pamba mzee alimwahidi mke wake viatu, na kila msimu pamba ilikuwa na kazi nyingine.

Mama aligeuka akarudi uani, na kisu kile.

Mzee alisimama, akasema amri si yake tena, ni ya mke wake. Akisema mbuzi arudi, atarudi. Akaingia ndani. Msichana alipita karibu yangu kana kwamba anaokota kitu, akanong'ona: "Unajua yote. Kunyamaza tu ndiyo hawakukufundisha?" Nikataka kumjibu. Akanitazama, nikaona jibu langu lenyewe lingekuwa ushahidi.

Bibi ndiye aliyetuokoa, au aliyejaribu. Alizima kiko, akasema jambo hili halina ugumu. Maji yalipanda mlima, basi yateremke. Bwana yake avue viatu, asimame kwenye udongo wenye maji kama muke wa watu alivyosimama, ashike kisu cha samaki, na mama wa msichana azungushe ile mashini mwenyewe. Maji yamutafute huyu mwerevu. Baba mdogo alisema hajawahi kusikia hukumu nzuri kama hiyo tangu azaliwe, na nadhani alisema kweli.

Ilichukua muda kumleta mama. Maneno yalikwenda uani na kurudi, yakipita kwa msichana. Mama hataki kugusa kitu cha misioni. Mama anauliza kama kinauma. Mama anauliza kama kijana atavua viatu kweli, na soksi pia. Nilivua vyote. Baba mdogo na yule kaka wa mzee mwenye viatu vya kuazima waliibeba mashini na meza iliyokuwa juu yake, pamoja na kopo, wakaviteremsha uani kwa mama, na kwa sababu jua lilikuwa kali, wakaviweka kivulini, jikoni, kando ya sufuria kubwa ya wali iliyokuwa inatoa mvuke.

Niliona. Mvuke ulikuwa unatanda juu ya sahani za kioo kama pumzi kwenye kioo cha kujitazamia. Nilifungua mdomo kusema iondolewe hapo, isogezwe kwenye jua, ipanguswe kwa kitambaa kilichopashwa moto. Kisha nikaona macho ya msichana. Nikaufunga.

Nilisimama kwenye tope la maji ya samaki, kisu chao mkononi, macho chini. Tope lilipanda kati ya vidole. Lilikuwa baridi, nami nilikuwa nimesahau baridi ya namna hiyo, maana tangu nipate viatu vya ualimu nilikuwa naogopa hata kwenda kisimani bila viatu. Mama alishika mpini. Akazungusha kwa mkono wa mtu aliyezoea kutwanga, na sahani zikavuma.

Tone likajaza tumbo likaanguka. Likaja lingine likaanguka. Wima, bila kumsumbua mtu.

Akazungusha zaidi. Matone yakaanguka. Mtu mmoja jikoni alianza kucheka akajizuia. Nilijua sababu, nilijua dawa yake, na maneno yalikuwa yamejaa kinywani yanasukumana kuelekea mlangoni. Nikauma meno. Nikasema neno moja tu lililobaki, nalo lilikuwa limechelewa sana. Nikasema, "Mama, nisamehe."

Nilisema moja kwa moja, bila mtu wa tatu, na hilo nalo lilikuwa kosa, lakini hakuna aliyekohoa.

Mpini ulisimama. Nikasikia kopo likivuliwa kwenye uzi wake wa hariri. Nikasikia mtu anakunywa, na kabla sijaelewa kwamba hakuna aliyemeza, maji yakanipiga usoni, mazito, ya vuguvugu, yakaingia puani na kwenye kola, yakalowesha shati hadi kitovuni. Mashini ya shule haikupata kufika nusu ya hapo. Bibi, aliyekuwa amehamia uani na mkeka wake, alipiga vigelegele. Mzee kapita alitoka mlangoni na kusimama, amebeba viatu vyake mkononi, sikujua alivivua saa ngapi.

Sikuinua macho. Niliona tu miguu miwili ya kijivu mbele ya yangu, na sasa hakukuwa na tofauti kubwa kati yake na yangu. Kwa miaka yote aliyoishi baada ya hapo, mama yule alizungumza nami kwa kupitia kwa binti yake, hata tulipokuwa chumba kimoja, hata alipotaka nimpe chumvi. Siku ile tu alisema na mimi mwenyewe.

"Vaa viatu yako, mutoto," alisema. "Udongo iko na baridi."